Programu Ikiingia, Itatokaje?

Leo tunaongea habari za kompyuta, na hasa jambo moja ambalo watu wengi hulifanya bila kulitafakari: kuweka programu na kuiondoa. Naomba tuanze na maswali mawili tu, na uyashike akilini wakati wote tukiongea. La kwanza: programu inapoingia kwenye kompyuta yako, inaleta mafaili gani, na inayaweka wapi? La pili: siku ukisema sasa siitaki, inatoka yote? Swali la kwanza ni wachache wanaoliuliza. La pili huulizwa diski ikishajaa, au mashine ikishakuwa nzito, na kwa kawaida huwa tumechelewa. Hoja yangu leo ni kwamba haya si maswali mawili, ni swali moja. Njia ya kuweka programu hupimwa siku ya kuiondoa. Na kwa kipimo hicho, njia ya kuandika amri, ile ambayo wengi wanaiogopa, inazishinda njia nyingi zinazopendwa kwa sababu ya vitufe na picha zake.

Tuelewane kwanza ninaposema kuandika amri. Ni ile sehemu ya kompyuta ambayo hubofyi picha yoyote. Unaandika maneno, unabonyeza Enter, mashine inatekeleza. Wengine huiita terminali, wengine dirisha jeusi. Ipo kwenye Windows, ipo kwenye Mac, lakini nyumbani kwake hasa ni kwenye mifumo ya Linux, na huko ndiko tutakakokaa leo. Nitachukua mfano wa Debian na mfumo uliozaliwa kutokana nayo, yaani Ubuntu, kwa sababu hiyo ndiyo mifumo ambayo msikilizaji ana nafasi kubwa ya kukutana nayo kwenye maabara ya chuo, kwenye seva ya kampuni, au kwenye kompyuta ya zamani iliyofufuliwa.

Mradi wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti mwaka 1993. Wakati ule, aliyetaka programu kwenye Linux mara nyingi alipewa msimbo wake, akaujenga mwenyewe kwenye mashine yake, kisha mafaili yakasambazwa huku na huko: moja kwenye folda ya programu, jingine kwenye folda ya maktaba, mengine kwenye folda ya mipangilio. Kuweka kulikuwa kazi, lakini kuondoa kulikuwa kazi zaidi, kwa sababu hapakuwa na aliyeandika nini kimewekwa wapi. Dawa waliyoipata watu wa Debian ilikuwa kutoa programu ikiwa imefungwa kwenye kifurushi kimoja, na kuwa na chombo cha kukifungua kifurushi hicho kwa utaratibu. Chombo hicho kinaitwa dpkg, na kilianza mwaka 1994. Baadaye kikaja kingine cha kukaa juu yake, kinachoitwa APT, kikaingia kwenye toleo la Debian 2.1 mwaka 1999. Ubuntu ilipotoka mwaka 2004 ilivirithi vyote viwili.

Sasa sikiliza vizuri, maana kiini cha mambo kiko hapa. Fikiria mtunza stoo wa shule. Mtunza stoo mzuri haruhusu gunia liingie kabla hajaandika: limetoka wapi, ni la nini, limewekwa rafu ipi. Siku mkuu wa shule akisema toeni mzigo wa fulani, anafungua daftari, anakwenda rafu hadi rafu, anatoa ulioandikwa na haugusi wa mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi dpkg ni mtunza stoo mwenye daftari. Kila kifurushi kinachoingia, jina lake huandikwa, toleo lake huandikwa, na kila faili lililokuja nacho huandikwa mahali lilipowekwa. Daftari lenyewe liko kwenye folda inayoitwa /var/lib/dpkg, na si siri, unaweza kulisoma. Narudia: uzuri wa njia hii hautokani na kwamba unaandika badala ya kubofya. Unatokana na daftari.

Tuchukue mfano wa karibu yetu. Kuna kifurushi kinachoitwa hunspell-sw. Hiki ni orodha ya maneno ya Kiswahili inayoisaidia kompyuta kukagua tahajia unapoandika barua au ripoti. Ukikitaka, unaanza na amri ya sudo apt update. Neno sudo linaiambia mashine kwamba unafanya kazi hii kwa mamlaka ya msimamizi, na sehemu iliyobaki inaiagiza iende kwenye ghala la mtandaoni ikaangalie orodha mpya ya vilivyopo. Hapo bado hujaweka kitu. Kisha unaandika sudo apt install hunspell-sw. APT inakitafuta kwenye orodha, inaangalia kinategemea nini kingine, inakuonyesha vitakavyoingia na nafasi vitakayochukua, na mara nyingi, kama kuna vingine vya kuongeza, inauliza uendelee au la. Ukikubali, inapakua, inahakiki, inamkabidhi dpkg, naye anafungua na kuandika daftarini. Unataka kujua kimeweka nini? Andika dpkg -L hunspell-sw, kwa herufi L kubwa, na utaletewa orodha ya mafaili yote, moja moja, na mahali yalipo. Je, umekutana na faili usilolijua, unataka kujua limeletwa na nani? Andika dpkg -S na njia ya faili hilo, utaambiwa jina la kifurushi. Hebu jiulize: ni programu ngapi ulizoziweka kwa kubofya “endelea, endelea, maliza” zinazoweza kukujibu hivyo?

Na kuondoa je? Hapa kuna amri tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoleta manung'uniko mengi. Ya kwanza ni apt remove. Hii inaondoa programu lakini inaacha mafaili ya mipangilio ya mfumo, yale yaliyoko kwenye folda ya /etc. Wapo wanaoiona hii kuwa ni uzembe wa mfumo. Sikubaliani nao. Msimamizi wa seva anaweza kuwa amekaa wiki nzima akipanga mipangilio ile; kuifuta kwa sababu tu ameiondoa programu kwa muda kungekuwa ni kumharibia kazi. Programu inaweza kupakuliwa tena, kazi ya mtu haipakuliki. Ya pili ni apt purge, nayo inaondoa programu pamoja na mipangilio hiyo. Unaitumia ukiwa na uhakika kwamba hurudi nyuma. Ya tatu ni apt autoremove. Hii inatafuta vifurushi vilivyokuja kwa sababu ya kifurushi kingine, ambavyo sasa hakuna anayevihitaji, na kuviondoa. Inawezaje kujua? Daftari tena. APT inaandika kipi umekiomba wewe mwenyewe na kipi kilikuja kama msaidizi tu. Bila kumbukumbu hiyo, wasaidizi wangebaki mpaka mashine ichakae.

Lakini lazima tuseme na mipaka yake. Hakuna hata moja kati ya amri hizi tatu inayogusa mafaili yaliyoko kwenye folda yako binafsi. Programu ikishaanza kutumika huandika humo mapendeleo yako na historia yako, na hayo hubaki hata baada ya purge. Huo ni uamuzi wa makusudi: msimamizi wa mashine hana haki ya kufuta vitu vya mtumiaji kwa kuondoa programu. Anayetaka usafi kamili atayafuta mwenyewe, kwa macho yaliyofunguka. Kwa hiyo jibu la swali letu la pili, kwamba inatoka yote, ni hili: kinatoka chote kilichoandikwa daftarini. Ambacho hakikuandikwa, hakiwezi kuondolewa na daftari.

Na hapo ndipo ninapotaka kugusa mazoea ambayo yananitia wasiwasi kweli. Siku hizi miradi mingi ya programu inakuambia: nakili mstari huu, ubandike kwenye terminali, maliza. Ukiuangalia vizuri, mstari wenyewe unapakua maelekezo kutoka kwenye tovuti na kuyaendesha papo hapo kwa mamlaka ya msimamizi, bila wewe kuyasoma. Nao unaandikwa kwenye dirisha lilelile jeusi, kwa hiyo wengi hudhani ni kitu kilekile na apt. Si kitu kilekile! Maelekezo yale yanaweza kuweka mafaili popote bila kuandika neno lolote daftarini. Siku ukitaka kuyaondoa, dpkg atakujibu kwa uaminifu kwamba hayajui. Na tusichanganye: asili ya kitu na kumbukumbu ya kitu ni mambo mawili. Ukipakua faili la deb, yaani kifurushi cha Debian, kutoka tovuti ya kampuni fulani na kuliweka kwa apt, litaandikwa daftarini na litaondoka vizuri, lakini uaminifu wa aliyelitengeneza ni juu yako kuupima. Kitu cha kwenye ghala rasmi la Debian kina yote mawili: kumbukumbu, na sahihi ya kidijiti. Ghala linatia sahihi orodha kuu, orodha kuu inabeba alama za kuhakiki orodha nyingine, na hizo zinabeba alama ya kila kifurushi. Kikibadilishwa njiani hata kidogo, alama hazilingani na APT inakikataa.

Sasa tusikilize upande wa pili, maana una hoja nzito. Hoja ya kwanza: amri ni hatari, ukikosea mashine imekwenda. Na ushahidi upo. Mwezi Novemba mwaka 2021, mtengeneza video maarufu wa Canada, Linus Sebastian, alionyesha mbele ya watazamaji wake akijaribu kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, mfumo wa ukoo wa Ubuntu. Kulikuwa na kasoro kwenye vifurushi, na ili Steam iingie, APT ikaona lazima iondoe vifurushi vinavyobeba mandhari nzima ya kazi, yaani madirisha na picha za kubofya. Ikaviorodhesha. Ikaonya kwamba anakaribia kufanya jambo lenye madhara. Ikamtaka aandike sentensi nzima ya Kiingereza yenye maana ya “ndiyo, fanya nisemavyo”. Akaiandika. Mashine ilipowaka tena haikuwa na mandhari, ila terminali tupu.

Je, hilo linaiangusha hoja yangu? Nadhani linaipa sura nyingine. Daftari lilifanya kazi yake: lilijua kipi kitaondoka na lilikiorodhesha kabla ya kugusa kitu. Kilichoshindwa ni mawasiliano. Mtu aliyezoea kubofya “kubali” kila mahali hasomi orodha ndefu ya majina asiyoyajua, na kumlaumu yeye peke yake si haki. Chombo kizuri hakimwachi mtu wa kawaida aangamize mfumo wake kwa sentensi moja. Watunzaji wa APT waliliona hilo, na mwezi uleule wakaibadilisha: kwenye matoleo yaliyofuata, kuondoa vifurushi vya lazima kwa mfumo hakuruhusiwi tena kwa kuandika sentensi ile, hukataliwa moja kwa moja isipokuwa umeomba kwa makusudi kwa kigezo maalumu. Na kwako msikilizaji, iko kinga rahisi zaidi. Ongeza herufi -s kwenye amri, kwa mfano apt -s remove na jina la kifurushi, na APT itakuigizia tu: itakuambia ingeondoa nini, bila kuondoa chochote. Soma hasa sehemu inayotaja vitakavyoondolewa. Orodha ikiwa ndefu kuliko ulivyotarajia, simama hapo.

Hoja ya pili inakuja kwa sura mbili zinazogombana. Wa kwanza anasema: programu za kwenye ghala ni za zamani, mimi nataka toleo la wiki hii. Wa pili anasema: na hilo ghala lenyewe nitaliaminije, likiwekewa sumu si tumeumia wote? Tukio moja linawajibu wote wawili. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliwatangazia wenzake duniani kwamba amegundua mlango wa siri kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH kulikuwa kunachelewa takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida, akakataa kuliacha jambo hilo hivihivi. Mlango ule ulikuwa kwenye matoleo mawili mapya, 5.6.0 na 5.6.1, na ulishaingia kwenye matawi ya Debian yanayofanyiwa majaribio. Haukuwa umefika kwenye toleo thabiti, lile linalolaumiwa kwa kuwa nyuma. Kwa hiyo yule wa pili ana haki ya kuogopa: ghala linaweza kuingiliwa, sahihi ya kidijiti haitambui nia mbaya ya aliyetunza programu yenyewe. Na yule wa kwanza naye ajue kwamba ucheleweshaji anaoulalamikia ulikuwa ndio kinga.

Lakini tazama kilichofuata, maana hapo daftari linarudi. Msimamizi yeyote aliweza kuiuliza mashine yake, kwa amri moja, ina toleo gani la xz, akapata jibu. Debian ikalirudisha toleo la zamani, 5.4.5, likiwa limevikwa namba ya juu ili mashine zilichukue kama sasisho la kawaida, na sumu ikaondoka kwa njia ileile iliyoingilia. Sasa fikiria kama programu ile ingekuwa imebandikwa na kila mtu kwa mkono, kwenye folda anayoijua yeye. Nani angemtafuta nani? Usalama, kwa maoni yangu, haumaanishi kwamba kibaya hakitaingia kamwe. Unamaanisha kujua kimeingia wapi na kuweza kukitoa chote, haraka, kila mahali.

Hoja ya tatu ni ya kwetu kabisa: bando. Kila kitu kinatoka mtandaoni, na mtandao ni pesa. Ni kweli. Lakini kabla ya kupakua, APT inakuambia ni megabaiti ngapi zitatumika, na mara nyingi inakupa nafasi ya kusema hapana. Vifurushi vinatumia kwa pamoja maktaba, yaani msimbo wa kutumiwa na programu nyingi, kwa hiyo maktaba iliyokwishaingia haipakuliwi mara ya pili. Kwa shule yenye maabara iko programu inayoitwa apt-cacher-ng: unaiweka kwenye mashine moja, na kifurushi kikishapakuliwa na kompyuta ya kwanza, nyingine zote zinakichukua hapohapo kwenye mtandao wa ndani. Iko na apt-offline, inayokuruhusu kuandika mahitaji ya mashine isiyo na intaneti, ukayapakua kwingine, ukayaleta kwa flashi. Na asiye na kompyuta kabisa, mwenye simu ya Android tu, anaweza kujifunza haya kwenye Termux, ambako amri ya pkg install inaiita APT hiihii chini kwa chini.

Inabaki hoja moja ambayo siwezi kuijibu kwa kuitetea APT, kwa sababu mlalamikaji ana haki: lugha. Onyo la kuondoa vifurushi linakuja kwa Kiingereza, na nimetoka kusema kwamba usalama wote unategemea mtu kulisoma na kulielewa. Sasa, ujumbe wa APT umetafsiriwa kwa lugha nyingi, zikiwemo Kinepali, na Kidzongkha cha Bhutan, nchi yenye watu wachache mno kuliko wasemaji wa Kiswahili. Si kwamba kazi ya namna hii inatushinda. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kazi kubwa mara nyingi kuliko hii. Ujumbe wa APT ni sentensi mia kadhaa tu, ziko kwenye faili la wazi ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulichukua na kulitafsiri, na Debian inapokea tafsiri kutoka kwa watu wa kujitolea. Walimu wa kompyuta, wanafunzi wa isimu, nyinyi mnaotusikiliza mkiwa vyuoni: hata zikitangulia tano tu, zianze na ile inayosema “Vifurushi vifuatavyo vitaondolewa”, kisha ile inayouliza “Je, unataka kuendelea?”